Kulipima Jina Tabu

Mvua zilipokuwa zikielekea ukingoni mwaka huu, kaka yangu alipata mtoto wa kike, na kabla kitovu hakijadondoka nyumba yetu ya Isevya ilikuwa imekwisha kugawanyika pande mbili. Mama alitaka mjukuu wake arithi jina la shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyeitwa Tabu. Wifi hakuwa tayari. Alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, akasema kwa sauti ya chini na kwa adabu yote: "Mama, shangazi nilimpenda, lakini jina humfuata mtu. Siwezi kumwita mwanangu tabu kwa kinywa changu mwenyewe." Mama akamjibu kwamba amezika akina Raha na akina Furaha wengi tu, na hakuona majina yao yakiwapunguzia chochote.

Nilikaa kimya kwa sababu niliwaelewa wote wawili. Kazi yangu ni ya majina. Nina steshenari ndogo Ng'ambo, hapa Tabora mjini, na kutwa nzima ninajaza fomu za watu: maombi ya vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, wasifu wa wanaotafuta kazi. Kwa siku moja vidole vyangu huweza kumwandika Kulwa, Doto, Shija, Mabula, Chausiku, Sikudhani, Mashaka na Jumanne, na nimezoea kuona jinsi kila mtu anavyolitaja jina lake. Mwingine hulitamka kifua mbele, herufi kwa herufi, ili nisikosee; mwingine hulisema harakaharaka huku akitazama barabarani. Jioni ile, badala ya kuchukua upande, niliwaambia kwamba nitalipima jina lenyewe. Nina kompyuta, nina bando, na nina mchezo ambao nimeucheza miaka kadhaa sasa wateja wanapopungua.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unaliandika jina kwenye injini ya utafutaji kama Google, ukilifungia ndani ya alama za mtajo, kisha unaweka kando yake neno moja la sifa lililofungiwa vivyo hivyo: mpole, mkali, mcheshi, mvivu, mchapakazi, mwizi. Injini inakupa makadirio ya idadi ya kurasa zenye maneno yote mawili. Unaiandika namba hiyo kwenye daftari, unabadili sifa, unaandika tena, na baada ya nusu saa unaanza kuona ni maneno gani ambayo jina hilo hupenda kukaa nayo. Sisi husema kwamba ukitaka kuijua tabia ya mtu, watazame rafiki zake. Hapa jina ndilo mtu, na maneno yaliyo jirani nalo ndiyo rafiki.

Ipo kanuni moja ambayo usipoishika mchezo haufai kitu, nayo ni kutolinganisha namba kama zilivyo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba jina la kwanza lina kurasa 200,000 na kati yake 4,000 zina neno "mpole", na jina la pili lina kurasa 5,000 na kati yake 500 zina neno hilohilo. Asiye makini atasema jina la kwanza ndilo la upole kwa sababu 4,000 ni nyingi kuliko 500. Lakini jina la kwanza limekutana na upole katika kurasa mbili tu kwa kila mia, na la pili katika kurasa kumi kwa kila mia. Bila kugawa hivyo, majina yenye watu wengi yatashinda kila shindano, liwe la wema au la ubaya, na utakuwa umepima wingi wa watu wenye jina hilo wala si sura ya jina lenyewe.

Wazo hili halikuanza kwangu, wala halikuanza kama mchezo. Mwaka 2002 mtafiti Peter Turney wa Kanada alitaka kompyuta itambue kama maoni ya mteja ni ya kusifu au ya kulaumu. Alichukua vifungu vya maneno kutoka katika maoni 410 yaliyohusu magari, benki, filamu na mahali pa kutembelea, kisha akaiuliza injini ya AltaVista, ambayo wakati huo iliweza kutafuta maneno yaliyokaribiana ndani ya umbali wa maneno kumi, ni mara ngapi kila kifungu kinaonekana karibu na neno la Kiingereza lenye maana ya "bora sana" na mara ngapi karibu na lile lenye maana ya "duni". Kwa kuhesabu ujirani huo peke yake alipata jibu sahihi kwa wastani wa asilimia 74. Mwaka 2007 Rudi Cilibrasi na Paul Vitányi, wakiwa Uholanzi, walichapisha kanuni ya kupima umbali kati ya maneno mawili kwa kutumia idadi ya kurasa za Google: maneno yanayoonekana pamoja mara nyingi yako karibu, na yale yasiyokutana yako mbali. Wateja wanaponiuliza ninafanya nini na daftari langu, huwaeleza kanuni hiyo kwa majina ya mapacha wa huku kwetu, Kulwa aliyetangulia kuzaliwa na Doto aliyemfuata. Ukimkuta mmoja kwenye ukurasa, mwenzake hayuko mbali. Hawaniulizi tena.

Hata hivyo, mbinu ya Turney ilitungwa kwa lugha ya watu ambao majina yao mengi hayana maana katika mazungumzo ya kila siku. Kwetu mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Majina yetu ni maneno. Injini haijali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo haiwezi kumtofautisha Juma, ambaye ni mtu, na juma, ambalo ni siku saba. Nilipomtafuta Juma mara ya kwanza nilimkuta amejaa "lililopita", "lijalo" na "mwishoni mwa". Jumanne aliniletea ratiba za mikutano. Zuhura aliniletea sayari iliyo jirani na dunia yetu, na Subira ikanijia na heri yake. Neema na Rehema waliniletea mahubiri, ukurasa baada ya ukurasa, na nilihitaji saa nzima kuwapata wasichana wawili waliojificha nyuma ya hayo mahubiri. Aliyenisikitisha ni Bahati. Babu zetu walipompa mtoto jina hilo walikuwa wakishukuru. Leo ukilitafuta mtandaoni unalikuta limezungukwa na bahati nasibu, mikeka ya kubeti na ahadi za kushinda mamilioni, utadhani neno hilo halijawahi kuitwa kwa upendo mlangoni pa nyumba ya mtu.

Kwa hiyo nilijifunza kumtenga mtu na neno. Alama ya kutoa husaidia kidogo: unaandika Juma, kisha alama hiyo ikiwa imegusana na neno "lililopita", na kurasa zenye neno hilo zinaondolewa. Linalosaidia zaidi ni kulitanguliza jina kwa neno ambalo haliwezi kukitangulia kitu kisicho mtu. Hakuna anayesema "dada Jumanne" akikusudia siku, wala "bibi Neema" akikusudia baraka. "Aitwaye" hufanya kazi vizuri, na "binti" vilevile. Nilipoanza nilitumia pia "mama", nikachelewa kugundua kosa langu, ingawa ninaishi ndani ya desturi hiyo tangu kuzaliwa: "Mama Neema" si Neema, ni mwanamke aliyemzaa Neema. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za daftari nikiwapima akina mama kwa majina ya watoto wao.

Namba zenyewe pia zinahitaji tahadhari. Ni makadirio. Nimewahi kuandika swali lilelile asubuhi na jioni nikapata hesabu mbili zisizofanana, na mara nyingi idadi kubwa iliyoonekana mwanzoni hupungua sana ukifungua kurasa za matokeo hadi mwisho. Ndiyo maana siku hizi namba ninaipa nusu ya uzito, na nusu nyingine ninaipa macho yangu: ninasoma matokeo mamoja mamoja, nikiandika jina hilo limetajwa kwa habari gani.

Kwa kusoma hivyo nimeona jambo ambalo hesabu peke yake isingenionyesha. Kurasa za Kiswahili zinazowataja watu wa kawaida kwa majina yao nyingi ni za habari, na habari humtaja mtu wa kawaida anaposhtakiwa, anapopata ajali, anapofariki au anaposhinda zawadi. Hivyo Hamisi, Shabani, Ramadhani na Mwajuma wote hukaribiana na "mtuhumiwa", "mkazi wa" na "marehemu". Maneno hayo hayana uhusiano na tabia ya akina Hamisi. Hamisi aliyeamka alfajiri akafungua banda lake la baiskeli, akaziba pancha kumi na mbili na kurudi nyumbani, hakuandikwa na mtu. Mchezo huu huonyesha yale yaliyoandikwa, na maisha ya watu wengi wa Tabora hayajaandikwa.

Jina linaweza pia kuhama kabisa kutoka maana yake. Ushahidi wangu mkubwa ni wa hapahapa. Mtemi Mirambo, mtawala wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, ambaye Stanley alimfananisha na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa, hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, na kwa Kinyamwezi humaanisha maiti. Hebu fikiria lilivyosikika katika karne ile, wapagazi wakilinong'ona kwenye njia ya misafara. Litafute leo uone limezungukwa na nini: kambi ya jeshi, shule ya sekondari, na ule mtaa wa Dar es Salaam ambako Benki Kuu ina anwani yake. Nilijaribu kulitafuta pamoja na neno "maiti", na nilichopata zaidi ni maelezo ya walimu wa historia wakifafanua asili yake. Mzigo wa jina hilo umetuliwa na watu waliolitumia kwa mambo mengine kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinyume chake ni Milembe, jina ambalo kwa jirani zetu Wasukuma humaanisha amani. Herufi moja tu inalitenganisha na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na wasichana wenye jina hilo wanajua vizuri mzaha wanaofanyiwa shuleni. Amani yao imeazimwa ikapewa jina baya kwa sababu ya mahali, ingawa mahali penyewe huponya watu.

Yupo kijana aliyenifanya niuchukulie mchezo huu kwa uzito. Alikuja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akaniomba nimwandikie wasifu. Tulipofika kwenye jina akasema: "Dada, weka herufi ya kwanza tu, halafu jina la baba." Jina lake la kwanza ni Mashaka. Aliniambia kwamba katika usaili mmoja mwenyekiti wa kikao alilisoma kwa sauti, wenzake wakacheka, na yeye akasahau yote aliyokuwa ameyaandaa.

Nilikuwa nimewahi kusoma kuhusu wachumi wawili wa Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, ambao matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2004. Walituma maelfu ya wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakiwapa waombaji wenye sifa zinazolingana majina tofauti, mengine kama Emily na Greg, mengine kama Lakisha na Jamal. Wasifu wenye majina yanayohusishwa na Wazungu uliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya ule wenye majina yanayohusishwa na Waamerika Weusi. Mwaka 2013 Latanya Sweeney, profesa wa Harvard, alionyesha kwamba hata injini yenyewe inaweza kubeba lawama ya namna hiyo. Alitafuta zaidi ya majina 2,000 ya watu na kukuta kwamba majina yanayohusishwa na Waamerika Weusi yaliletewa mara nyingi zaidi matangazo yenye kudokeza kwamba mwenye jina amewahi kukamatwa na polisi. Alianza uchunguzi huo baada ya tangazo la aina hiyo kutokea kando ya jina lake mwenyewe. Tangu nisome habari hiyo siwezi kulifunga daftari langu nikasema ni mchezo tu.

Nilimgeuzia kijana yule kioo cha kompyuta, nikaandika "mwalimu Mashaka", kisha "fundi Mashaka", kisha "daktari Mashaka", kisha "mchezaji Mashaka". Tulisoma pamoja kwa muda mrefu, yeye akiwa ameinama juu ya bega langu. Hatukuhesabu. Alikuwa akitafuta watu, nao walikuwepo, wenye kazi zao. Mwishowe aliniomba nifute ile herufi moja na kuliandika jina lote. Nilimchapia nakala nne.

Basi nikarudi kwenye jina la nyumbani. Nilianza kwa kuandika Tabu peke yake, bila neno lolote la kulilinda, nikitegemea kukutana na shida, njaa na malalamiko, kwa sababu ndivyo neno lilivyo katika Kiswahili na ndivyo wifi alivyoliogopa. Nilikutana kwanza na uso wa mwanamke mzuri sana. Tabu ni jina la mwigizaji mashuhuri wa filamu wa India, aliyezaliwa Hyderabad mwaka 1971. Baada yake alinijia Tabu Ley Rochereau, mwanamuziki wa Kongo aliyefariki mwaka 2013, ambaye sauti yake mama anaijua tangu ujana na ambaye rumba yake ilisikika katika kila mji wa reli hii ya kati. Ikafuata kurasa za Kijerumani, maana katika lugha hiyo "Tabu" ni mwiko, neno lililotoka katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Shida yenyewe, ile ya Kiswahili, ilikuwa chini kabisa, na mara nyingi imeandikwa "taabu" kwa a mbili, hivyo hata injini ilielekea kuitenga na jina.

Nilisoma zaidi kuhusu yule mwigizaji, na hapo ndipo niliposimama, nikatoka nje ya steshenari nipate hewa. Tabu ni kifupi cha jina lake, Tabassum. Ni neno la Kiarabu lililoenea hadi India, na lilifika kwetu pia. Sisi tunalitamka tabasamu.

Jioni nilifunga mapema. Wifi alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni uani, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta karanga. Niliwaeleza yote kwa mpangilio, nikawaonyesha picha kwenye simu, nikawawekea na wimbo wa Tabu Ley kwa sauti ndogo. Mama aliacha kupepeta. Wifi aliniuliza swali ambalo ni la haki kabisa: kama mtoto wake atakapofika darasa la kwanza, wenzake watakuwa wanamfahamu huyo Mhindi, au watakuwa wanaifahamu tabu? Nilimwambia ukweli kwamba watoto wataifahamu tabu. Nikamwambia pia kwamba nimetafuta "bibi Tabu", "shangazi Tabu" na "Tabu binti", na katika yote niliyoyasoma sikumkuta mwenye jina hilo aliyesemwa vibaya kwa sababu ya jina. Nilichokuta ni uchache. Wanawake wenye jina hilo karibu hawapo mtandaoni. Shangazi yetu hayupo kabisa.

Wifi alimfunika mtoto kwa khanga, akamtazama kwa muda, akasema, "Basi aitwe. Lakini mimi nitamwita Tabasamu." Mama akasema hilo ni lake yeye na mwanawe. Siku mbili baadaye niliijaza fomu ya cheti cha kuzaliwa kwa mkono wangu, na katika nafasi ya jina la kwanza niliandika herufi nne.

Limebaki jambo moja ambalo nimelifanya kwa makusudi katika kuandika haya yote, kwa kuwa injini huhesabu yaliyoandikwa. Shangazi Tabu aliuza karanga na asali katika stesheni ya Tabora, pale ambapo reli inagawanyika kwenda Mwanza na kwenda Kigoma, tangu kabla sijazaliwa hadi miguu ilipomkatalia. Shangazi Tabu alikuwa mchapakazi. Alikuwa mpole kwa abiria waliochoka, na mkali kwa aliyejaribu kumpunja mtoto aliyetumwa. Alikuwa mcheshi, mwaminifu, hodari wa hesabu ingawa hakusoma zaidi ya darasa la nne, na chupa zake za asali alizifunga kwa kipande cha nailoni na uzi mwekundu, mafundo mawili, ili abiria afike Kigoma bila hata tone moja kumwagika begini.